Hivi nyumba ya kazi ya Waingereza ilikuwaje, na parokia iliingiaje kwenye mambo ya maskini?

mbebabox89

Habari za jioni wakuu, naomba kujuzwa. Niko Uingereza huku nabeba box kama wengine, kazi yangu kulea wazee majumbani, asubuhi kwa huyu mchana kwa yule. Nina bibi mmoja ana miaka 92, akili bado inachemka, Kiingereza changu ananirekebisha mpaka leo. Wiki iliyopita kifua kilimbana, daktari akasema apelekwe hospitali ya karibu wamcheki. Jina la hospitali lilipotajwa tu yule bibi akanishika mkono, akanibana kweli kweli, akaninong'oneza usikubali wanipeleke kule, kule ni nyumba ya kazi. Mi nikajua homa imepanda kichwani. Binti yake alipofika akaniambia hapana, mama hajachanganyikiwa, yale majengo ya nyuma ya matofali mekundu zamani ilikuwa ndiko wanakolazwa maskini wasio na pa kukaa, wazee wa huku wanayaogopa mpaka kesho.

Usiku nikakaa na simu kugugo. Nachokiona kila mahali ni parokia, parokia, parokia. Parokia ilitoza kodi, parokia iliamua nani alale wapi, parokia ilifukuza watu. Sasa mimi ni Mkatoliki wa Rombo, parokia ninayoijua ni paroko, jumuiya, siku ya mavuno na michango ya kupaua kanisa ambayo haijawahi kuisha tangu nazaliwa. Iweje kanisa liwe na nyumba ambayo mtu akiitajiwa miaka mingi baadaye anatetemeka? Wajuvi karibuni.

Mzee wa Makabrasha

Mleta uzi swali zuri, nitajibu kwa kirefu wenye haraka mpite.

Kwanza isahau parokia ya Rombo. Kwa Waingereza wa zamani parokia ilikuwa kanisa na serikali ya mtaa humo humo, unabatizwa hapo unazikwa hapo, barabara ikiharibika ni wao, na ukifilisika ni wao. Kabla ya hapo maskini walikuwa wanaegemea sana monasteri, Mfalme Henry wa 8 akazifunga miaka ya 1530, njaa ikabaki barabarani haina mwenyewe. Zikatungwa sheria moja baada ya nyingine mpaka 1601, enzi za Malkia Elizabeth wa 1, ikatoka ile kubwa: kila parokia itunze maskini wake. Kila mwaka wanateuliwa waangalizi wa maskini, wawili mpaka wanne, wanafanya kazi na wazee wa kanisa, na mshahara hakuna, ni zamu tu, mwaka huu mwenye shamba mwakani mwenye duka. Wanapita kwa kila mwenye nyumba au ardhi wanatoza kodi ya maskini kwa kadiri ya mali yake, halafu wanagawa. Baraza lao lenyewe lilibeba jina la kile chumba cha kuvalia majoho kanisani, nyie mnaita sakristia, maana ndimo walimokuwa wanakaa kikao.

Na kwa muda mrefu msaada mwingi mtu alikuwa anapewa akiwa kwake. Ukifungua madaftari yao ya hesabu unakuta viatu vya mtoto wa mjane, kuni, jeneza, kodi ya chumba cha mzee fulani, shilingi kadhaa kwa mwezi. Parokia nyingine zilikuwa na vijumba vyake viwili vitatu wanakaa wajane bure. Kwa hiyo siyo kwamba siku zote ilikuwa jehanamu.

Ubaya ulikuja kwenye neno moja tu, "wake". Kila parokia ilishe maskini WAKE. Basi mtu akibisha hodi na njaa yake, kabla ya mkate anaulizwa wewe ni wa wapi. 1662 ikatoka sheria ya ukaazi, mgeni aliyepanga nyumba ya chini ya pauni 10 kwa mwaka, wakimwona kama ataelekea kuwa mzigo, waliweza ndani ya siku 40 tangu aingie kupeleka malalamiko kwa mahakimu arudishwe kwao, hata kama hajaomba hata kipande cha mkate. Ukaazi, yaani haki ya kuhesabiwa mtu wa parokia hiyo, ulipatikana kwa kuzaliwa, kwa kujifunza ufundi pale, mwanamke kwa kuolewa, au kwa kufanya kazi kwa mwajiri mmoja mwaka mzima. Hiyo ya mwisho isome tena. Mwaka MZIMA. Ndiyo maana wakulima wajanja walikuwa wanaajiri kwa wiki 51. Mliowahi kufanya kazi kwa mkataba wa miezi mitatu mitatu ili usije ukawa mwajiriwa wa kudumu mnanielewa vizuri sana.

Nyumba za kazi zenyewe naendelea baadaye, mjukuu anaitaka simu.

sinaHamu

Dah nimeishia wiki 51, hawa watu ndo waliotufundisha utumishi

Konda wa Zamani

Mkuu mbebabox pole na majukumu. Tuyaache kidogo ya 1601, hv hiyo kazi ya kulea wazee kuna koneksheni? Nina cheti cha huduma ya kwanza na leseni daraja C

mbebabox89

Konda njoo inbox, ila huku leseni ya kwenu haikusaidii na baridi usiseme hukuambiwa.

Mzee wa Makabrasha

Nimerudi. Nyumba za kazi. 1723 ikapita sheria inayoruhusu parokia kujenga au kukodi nyumba na kusema anayetaka msaada aingie humo ndani, asiyetaka kuingia jina lake linafutwa. Ilikuwa mtihani, yaani kama kweli una shida utakubali. Na mle ndani ruksa kumpa mkandarasi. Mkandarasi analipwa fungu, analisha maskini, kinachobaki chake. Sihitaji kuwaeleza uji wa mkandarasi unakuwa mzito kiasi gani.

Halafu gharama zikapanda, vita na Napoleon, mkate ghali, kodi ya maskini ikakaribia pauni milioni 8 kwa mwaka kwenye 1818. Walipa kodi wakaanza kelele, wasomi wakaja na nadharia kwamba msaada ndio unaozaa uvivu. Ikaundwa tume 1832, 1834 ikatoka sheria mpya, mtu mmoja anaitwa Edwin Chadwick alikuwa na mkono mkubwa humo. Parokia kama 15,000 zikaunganishwa kwenye miungano ya mia sita hivi, kila muungano na jumba lake na Bodi ya Walezi ya kuliendesha, na London tume inatoa kanuni. Kanuni mama ilikuwa hii: maisha ya mle ndani lazima yawe mabaya kuliko ya kibarua wa chini kabisa aliyeko nje. Tatizo kibarua wa nje alikuwa anakula mkate na viazi na amevaa viraka, sasa utamshusha vipi aliye ndani awe chini ya hapo bila kumuua? Wakaona tumbo haliwezi kushushwa zaidi, wakashusha utu. Mume huku, mke kule, watoto kule, kila kundi na uwanja wake na ukuta katikati. Nguo zako zinachukuliwa zinafungwa furushi stoo unapewa sare. Mzee ameishi na mkewe miaka 40 wanaonana kanisani Jumapili kwa macho tu, mpaka 1847 ndipo ikaruhusiwa waliovuka miaka 60 wapewe chumba pamoja, na hapo napo si kila jumba lilikuwa na hicho chumba.

Mfano umesimama mpaka leo pale Southwell, Nottinghamshire, mleta uzi kama uko karibu nenda, ni makumbusho. Limejengwa 1824, kabla hata ya hiyo sheria, na mchungaji, Mchungaji Becher, kwa watu 158. Waliokuja kuandika sheria ya 1834 walilitolea mfano. Kwa mbele zuri kama shule ya bweni, ukiingia ndani ndo unaziona zile kuta na ngazi, jinsi zilivyopangwa makundi yasikutane.

FundiKalafati

Salaam kutoka Lamu. Mimi historia si mtu wake ila kuna kitu nilikisoma kuhusu hizo nyumba kikanigusa kwa sababu ya kazi yangu. Kazi moja waliyokuwa wakipewa, sana wanawake na wazee, ni kuchambua kamba kuukuu za meli. Kamba ya katani imeshapakwa lami miaka na miaka imekuwa ngumu kama kijiti, inakatwa vipande, unakalishwa kwenye benchi unaichambua kwa vidole na msumari mpaka irudi kuwa nyuzi nyuzi kama sufi. Ile sufi inauzwa kwa mafundi wa meli wakalafatie. Yaani ni kalafati ile ile, sisi huku twatia pamba na mafuta baina ya mbao za jahazi tukipigilia kwa patasi na nyundo, kisha chini twapaka deheni, wao walitia hizo nyuzi na kumwagia lami ya moto juu.

Sasa mimi nishajaribu kuchambua kamba moja kuukuu iliyoshika lami, nilitaka tu kujua. Nusu saa. Chini ya kucha yaingia vijiti vidogo vidogo na lami haitoki kwa maji wala sabuni, nilitoa kwa mafuta ya taa. Na kamba yenyewe sikuimaliza, shubiri moja tu. Wale walipimiwa kwa ratili kwa siku. Nimekaa nikafikiri, meli zote zile za Kiingereza zilizopita bahari yetu hii, mashimo yake yalizibwa na bibi wa mtu.

Asiyeamini

Naomba kuwa tofauti kidogo. Kila mtu anailaani parokia ya zamani lakini niambieni, 1601 ni nchi gani nyingine ilikuwa na sheria kwamba mtu akikosa jirani zake WALAZIMIKE kumlisha kwa kodi? Siyo sadaka, kodi. Na wale waangalizi walikuwa wanamjua huyu mtu kwa jina, wanajua mguu wake uliumia kwenye mavuno ya mwaka gani. Walioharibu ni hao wa London na kanuni zao za 1834. Mimi naona kosa lilikuwa kuhamisha madaraka kutoka kijijini.

Mzee wa Makabrasha

Asiyeamini una pointi, nusu. Ya sheria ya 1601 nakubali, na hata baada ya 1834 wengi wa waliosaidiwa waliendelea kupewa kidogo kidogo makwao, hasa wazee na wajane, maana bodi nyingi ziligundua ni rahisi kuliko kumlaza mtu. Watu wa kaskazini, huko Huddersfield, waligoma kabisa, vikao vya bodi vikavurugwa.

Lakini hilo la kujuana kwa jina usilipambe. Jirani anayekujua ndiye huyo huyo anayekatwa kodi kwa ajili yako. Mtoto wa nje ya ndoa alikuwa anapata ukaazi pale alipozaliwa, kwa hiyo binti mjamzito asiye na mume akionekana kijijini, waangalizi wanafanya kila njia avuke mpaka kabla uchungu haujaanza, wengine wanapakiwa kwenye mkokoteni tumbo hilo. Tena kwenye vitabu vya hesabu matumizi yanaandikwa bila aibu, kiasi fulani kwa kumwondoa mwanamke mjamzito. Kuanzia 1697 wanaosaidiwa walitakiwa washone herufi P begani na herufi ya parokia yao, wake zao na watoto hivyo hivyo. Na kuna parokia ambazo ardhi yote ni ya bwana mmoja au wawili, hao walikuwa wanabomoa vijumba vya vibarua ili wasiwe na pa kukaa, vibarua wakapange parokia ya jirani na waje kulima kwa miguu asubuhi. Jasho linabaki kwa bwana, uzee unakwenda kwa jirani. Hilo halikukatika mpaka 1865 gharama zilipohamishiwa kwenye muungano mzima.

Sasa nani alikuwa mkatili, London au kijiji? Mimi nikiwa mzee maskini ningeomba nisipewe kuchagua.

Asiyeamini

Hilo la mkokoteni sikulijua. Lakini bado bodi za walezi ndo zilikuwa mbaya zaidi, mwenye mali nyingi alikuwa na kura nyingi kuchagua walezi, hadi sita kama mmiliki, na mahakimu wanaingia bila kuchaguliwa. Maskini mwenyewe kura hana. Halafu mnashangaa Andover.

sinaHamu

Andover kumefanyika nini tena

Asiyeamini

1845. Jumba la Andover, Hampshire, wanaume walikuwa wanapewa kazi ya kuponda mifupa kutengeneza mbolea. Mifupa ya ng'ombe, farasi. Chakula kilikuwa kinapunjwa na msimamizi, mtu mmoja anaitwa M'Dougal. Ikagundulika wale wanaume wanagombania mifupa yenye uboho au mabaki ya nyama, wanatafuna, hata iliyooza. Ikafika bungeni na magazetini, wakachunguza, 1847 ile tume ya London ikavunjwa ikaundwa bodi nyingine chini ya waziri. Jumba likabaki na watu wake ndani.

MtotoWaUjiji

Wakuu mnajua kwamba kuna mtu aliyelelewa kwenye hizo nyumba alikuja mpaka kwetu? Stanley. Huyu huyu wa 1871 pale Ujiji na Livingstone chini ya mwembe, tunasimuliwa tangu darasa la nne kama vile alishuka na mkate mkononi. Jina la kuzaliwa John Rowlands, Mwelshi wa Denbigh, mtoto wa nje ya ndoa, babu aliyekuwa anamlea akafa, wajomba wakawa wanawalipa majirani nusu krauni kwa wiki wamkalie, hamu ya kulipa ikaisha. Ikabidi adanganywe. Akaambiwa anapelekwa kwa shangazi, kumbe anapelekwa jumba la St Asaph, mlango ukafungwa nyuma yake, ana miaka sita, ilikuwa 1847. Katoka ana 15. Mwenyewe aliandika kwamba siku moja aliletwa mama yake mzazi mle mle na watoto wengine wawili na yeye hakumtambua mpaka alipoonyeshwa, ingawa Stanley jamani chumvi alikuwa anaweka kwa koleo, kwa hiyo pokeeni kwa mkono mmoja.

Kwa majirani zetu wa Kongo ndiye Bula Matari, mvunja mawe, na alichokwenda kukijenga kule kwa niaba ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji wanakijua wao. Sisemi alifanya vile kwa sababu ya uji wa St Asaph. Nasema tu kwamba mimi nimekulia mita chache kutoka lile sanamu na hakuna mwalimu aliyewahi kuniambia kwamba Stanley alilelewa kwa kodi ya maskini. Jumba lenyewe baadaye likawa hospitali, wakaipa jina lake, imefungwa 2012.

Wakili wa Kata

Nachangia dogo. Maskini ambaye hakuwa na parokia, yule wa kutembea, aliwekewa sheria yake ya wazururaji ya 1824. Na kwenye nyumba za kazi, usiku mmoja analazwa kwenye chumba cha wapita njia, nguo zinafukizwa, asubuhi anaponda mawe ndipo anaachiwa. Asiyelala humo akikutwa amelala nje anakamatwa. Sasa maneno ya sheria ile yalipanda meli, yakaingia kwenye kanuni za adhabu za makoloni, na yakabaki baada ya uhuru. Uzururaji mnaousikia kwenye operesheni za mijini, mtu asiye na kipato cha kueleweka, umetoka huko. Mahakama ya Afrika, pale pale Arusha, ilitoa maoni Desemba 2020 kwamba sheria za namna hii hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu. Utekelezaji kila nchi na mwendo wake.

mbebabox89

Wakuu nimesoma yote nikiwa kwenye basi nikapitiliza kituo. Asanteni sana. Bibi anaendelea vizuri, binti yake alikataa hiyo hospitali wakampeleka nyingine ya mbali, juzi karudi nyumbani.

Ila sasa nina lingine. Leo nilikuwa natafuta kadi yake ya dawa kwenye droo, nikakuta cheti cha kuzaliwa cha mama yake, 1908. Palipoandikwa mahali alipozaliwa pana jina la mtaa na namba ya nyumba, basi. Mtaa huo naujua, napita kila siku. Nimezunguka mtaa mzima nyumba ya namba hiyo haipo. Kilichopo pale ni uzio wa ile hospitali. Yaani namba zinakuja, zinakuja, halafu uzio, halafu zinaendelea upande wa pili.

Mzee wa Makabrasha

Mbebabox, 1904 msajili mkuu wa vizazi aliagiza watoto wanaozaliwa kwenye nyumba za kazi wasiandikiwe nyumba ya kazi kwenye cheti, iandikwe anwani ya kawaida ya mtaa ili mtoto asije kudharauliwa ukubwani. Majumba mengi yakajipa namba. Namba unayoitafuta ni hilo geti.

Bodi za walezi zilifutwa 1930, majengo wakapewa halmashauri, 1948 mengi yakaingia kwenye huduma ya afya ya taifa. Vitanda vile vile, ubao wa jina mwingine. Bibi yako alikuwa binti wa miaka 15 hivi.

mbebabox89

Daah.

Binti yake sidhani kama anajua. Yeye aliniambia tu kwamba wazee wa huku wanayaogopa yale majengo, hakusema bibi yake kazaliwa mle. Nimwambie au ninyamaze?

sinaHamu

Mwambie, ni haki yake, historia ya ukoo

FundiKalafati

Usithubutu. Mama mtu amekaa na cheti hicho kwenye droo miaka yote, angetaka kusema angesema. Wewe ulikuwa watafuta kadi ya dawa.

mbebabox89

Kadi ya dawa yenyewe sijaiona mpaka saa hii.